MASHINE ISIYOFUNGULIWA SI MALI YA ALIYEINUNUA

Yako mazoea yaliyoenea ya kudhani kwamba mtu akishalipa fedha, akapewa stakabadhi, na mzigo ukashushwa mlangoni pake, basi umilikaji umekamilika. Mbele ya sheria ya biashara huenda ikawa hivyo. Lakini mbele ya kazi, ambayo ndiyo shabaha ya kununua chombo chochote, stakabadhi haitoshi. Jembe ni mali ya mkulima kwa sababu mpini ukivunjika anajua kuchonga mwingine. Baiskeli ni mali ya mwenyewe kwa sababu mnyororo ukikatika yupo fundi chini ya mwembe awezaye kuuunga. Je, mashine ambayo ubongo wake umefungwa, lugha yake ni siri, na ufunguo wake ukipotea kazi yote husimama, nayo ni mali ya nani?

Swali hili si la nadharia tupu. Limekwisha kujibiwa kwa vitendo, kwa bisibisi na koleo, na watu wengi wa kazi za mikono huko Ulaya, Marekani na kwingineko, ambao wamenunua mashine ndogo za kukatia kwa leza, wakazifungua, wakang'oa bodi inayoziongoza na kuweka nyingine mahali pake. Kitendo hicho ni kidogo kwa macho. Huchukua mchana mmoja tu mezani. Lakini ndani yake limo funzo ambalo mtumishi wa umma aandikaye zabuni, na mwalimu afundishaye vijana ufundi, hawana budi kulitafakari.

MWANGA UNAOKATA

Leza ya kwanza duniani iliwashwa mwezi Mei 1960 na Theodore Maiman katika maabara ya Hughes huko California. Miaka minne baadaye, mwaka 1964, Kumar Patel, mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Bell nchini Marekani, alitengeneza leza itumiayo hewa ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo leza iliyotokea kuwa mtumishi hodari wa viwanda, kwa maana hukata na kuchora vitu vingi ambavyo msumeno na patasi huvikata kwa shida au huvivunja.

Kilichokuwa siri ya maabara kubwa sasa hukaa juu ya meza ya mtu wa kawaida. Mashine ninayoizungumzia hujulikana sokoni kwa jina la K40. Hilo si jina la kiwanda kimoja. Ni jina ambalo wauzaji na wanunuzi wamelipa kundi zima la mashine zitengenezwazo China, zenye umbo karibu moja na nguvu inayotajwa kuwa wati 40. Bei yake mara nyingi imekuwa kati ya dola 400 na 500 za Marekani, kiasi ambacho kikundi cha vijana kikichanga hukipata.

Ndani ya sanduku lake la bati mna mrija wa kioo uliojazwa mchanganyiko wa kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heliamu. Maji hupitishwa kuuzunguka ili usipasuke kwa joto. Umeme wa zaidi ya volti 10,000 hupenyezwa ndani yake, na mwanga usioonekana kwa jicho la binadamu hutoka upande mmoja. Vioo vitatu huupokezana mwanga huo hadi kwenye lenzi, nayo lenzi huukusanya kuwa nukta moja ndogo yenye ukali wa kukata plaiwudi nyembamba, ngozi, karatasi, na ile plastiki ing'aayo iitwayo akriliki. Uwanja wake wa kazi ni kama sentimita 30 kwa 20, yaani haupiti sana karatasi ya kawaida ya barua.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yako mbali naye. Mashine za ukoo huu ndizo zichongazo vibao vya milango ya ofisi, ngao za washindi wa michezo ya shule, na mihuri ya mpira, ile ile ambayo mtumishi wa serikali hawezi kumaliza siku bila kuigonga.

BODI ISIYO NA MWENYEKITI

Mtumishi wa umma akisikia neno "bodi" hukumbuka wajumbe, kikao na posho. Bodi ninayoisema hapa haina mwenyekiti wala katibu. Ni kibao kisichozidi kiganja cha mkono, kilichopandwa vipande vidogo vya elektroniki. Hata hivyo madaraka yake ni makubwa kuliko ya bodi nyingi. Mrija una nguvu lakini hauna akili. Mota mbili zina mwendo lakini hazijui ziendako. Bodi ndiyo inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta, ikaiambia mota moja isogee kulia hatua kadhaa na nyingine isogee mbele hatua kadhaa, na katika kila nukta ya njia hiyo ikaamua kama mwanga uwake au uzimike. Ukiiondoa, kilichobaki ni sanduku la bati lenye vioo.

Sasa basi, mashine hizi nyingi zimekuwa zikiuzwa na bodi yenye kasoro tatu.

Kasoro ya kwanza ni ufunguo. Programu iliyofungamana na mashine haikubali kufanya kazi mpaka kipande kidogo cha plastiki, mithili ya flashi, kichomekwe kwenye kompyuta. Kipande hicho hakikati kitu wala hakichori kitu. Kazi yake ni moja tu: kuthibitisha kwamba mtumiaji ameruhusiwa. Kikipotea, au kikaliwa na mtoto wa mbwa, mashine nzima, pamoja na mrija wake mzima na mota zake nzima, haina njia ya kutumika kwa programu hiyo.

Kasoro ya pili ni lugha. Bodi ya asili huzungumza na kompyuta kwa lugha yake yenyewe, ambayo aliyenunua hakupewa kamusi yake. Akitaka kutumia programu nyingine iliyo bora, hawezi, kwa kuwa programu hiyo haijui lugha ya bodi. Amelazimishwa kula kwenye hoteli moja tu mjini, na chakula chake kiwe kizuri au kibaya, hana pengine pa kwenda.

Kasoro ya tatu ni ya kazi. Bodi ile hujua kuwasha na kuzima tu. Haijui kupunguza wala kuzidisha ukali wa mwanga. Ukali huo hupangwa kwa mkono, kwa kuzungusha kitufe kilicho juu ya sanduku, kama mtu apunguzavyo sauti ya redio. Kwa hiyo kazi inayohitaji kukata kwa nguvu mahali pamoja na kuchora kwa upole mahali pengine humlazimu mtu kusimama karibu, asimamishe mashine, azungushe kitufe, kisha aendelee.

Ni haki kusema pia upande wa pili. Bodi ya asili si takataka. Katika kuchora picha kwa kupita mstari baada ya mstari kwa kasi kubwa, inaweza hata kuzipita baadhi ya bodi zinazochukua nafasi yake. Kwa hiyo ugomvi wangu si na uhodari wa bodi. Ugomvi wangu ni na kufungwa kwake.

NJIA MBILI ZA KUJIKOMBOA

Wenye mashine hizi hawakukaa kulalamika. Walipita njia mbili, na zote mbili zinafaa kujulikana.

Njia ya kwanza ilikuwa kujifunza lugha ya siri. Mwaka 2017 ilitolewa bure programu iitwayo K40 Whisperer, kazi ya mtayarishaji anayejulikana kwa jina la Scorch Works. Aliyeiandika alichunguza mazungumzo baina ya kompyuta na bodi ya asili, neno kwa neno, mpaka akaielewa lugha na kuweza kuinena. Tangu hapo mwenye mashine aliweza kuiacha bodi ile ile mahali pake na bado akaachana na ufunguo pamoja na programu ya awali. Hakununua hata skrubu moja. Alichoongezewa ni maarifa tu, na maarifa hayo yakatosha kumfungulia mlango.

Njia ya pili ni kuing'oa bodi yenyewe na kuweka nyingine inayosema lugha ya wazi. Lugha hiyo ipo, wala si changa. Mwaka 1952 wahandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha hadharani mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na matundu kwenye utepe wa karatasi. Kutokana na kazi za namna hiyo ilikua lugha ya amri ambayo mafundi huiita jikodi, na mwaka 1980 Marekani ikaiwekea kiwango rasmi kilichochapishwa. Amri zake ni fupi: nenda mahali fulani kwa mwendo fulani, washa, zima, rudi nyumbani. Mashine za viwanda vikubwa huitumia, na kijana mwenye daftari na kalamu anaweza kuisoma.

Lililobaki lilikuwa kupata ubongo wa bei nafuu unaoielewa lugha hiyo. Mwaka 2005, katika mji wa Ivrea nchini Italia, walimu na wanafunzi walianzisha bodi ndogo iitwayo Arduino, ambayo michoro yake ilitolewa wazi ili kila mtu aweze kuiiga. Mwaka 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway alitoa programu iitwayo Grbl, inayoiwezesha bodi hiyo ndogo kusoma jikodi na kuendesha mota. Yafaa tutafakari udogo wa chombo chenyewe: kumbukumbu ya kuhifadhia programu ni kilobaiti 32 tu, pungufu ya picha moja ya simu. Baadaye zikaja bodi zenye nguvu zaidi, nyingine zikiwa zimepangwa makusudi ili plagi za K40 ziingie moja kwa moja bila kukata waya hata mmoja.

Angalia, msomaji, jinsi mnyororo huu ulivyoungwa. Utepe wa Marekani, bodi ya Italia, programu ya Norway, sanduku la China. Hakuna aliyemwomba mwenzake ruhusa, kwa sababu kila mmoja aliyetangulia aliandika alichokijua na kukiacha mezani.

KAZI YENYEWE NI DARASA

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wahandisi. Basi na tuitazame kazi yenyewe ilivyo.

Hatua ya kwanza si kufungua skrubu, bali ni kuandika. Fundi mwangalifu hupiga picha kila waya kabla ya kuugusa, akaufunga kipande cha karatasi chenye jina lake. Kwenye bodi ya asili hukuta plagi ya mota mbili, waya za swichi zinazoiambia mashine kwamba imefika ukingoni, na plagi moja ya waya nne inayotoka kwenye kifaa cha umeme: mmoja wa volti 24 kwa ajili ya mota, mmoja wa volti 5 kwa ajili ya ubongo, mmoja wa kurudisha umeme, na mmoja wa amri ya kuwasha mwanga.

Huo wa mwisho ndio wenye funzo kubwa. Mtu angetarajia kwamba mwanga huwaka waya huo unapopewa umeme. Kumbe ni kinyume: mwanga huwaka waya huo unapovutwa hadi kwenye sifuri. Fundi asiyejua hilo huipanga bodi mpya kinyume, na siku ya kwanza anapowasha mashine, leza huwaka pale inapopaswa kulala. Ujinga hapa si aibu ya mtihani. Ni shimo kwenye mbao au kidonda kwenye mkono.

Kisha huja hesabu. Bodi mpya haijui mashine iliyopandikizwa ndani yake. Lazima iambiwe ni hatua ngapi za mota zinazolingana na milimita moja ya mwendo. Kwa mashine nyingi za K40, kila hatua kamili ya mota ikigawanywa mara 16, jibu hukaribia 157 na nusu. Tarakimu hiyo huonekana ya ajabu mpaka mtu atambue asili yake: mashine ilipangwa kwa inchi, na sehemu elfu moja za inchi, zikigawanywa tena mara nne, hutoa hatua 4,000 kwa kila milimita 25.4. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kugawanya hapo akapata jibu mwenyewe. Kisha ahakikishe kwa kazi: aiamuru mashine isogee milimita 100, apime kwa rula. Ikisogea 98, hesabu ina kosa au mkanda umelegea, na lazima atafute lipi ni lipi.

Mwisho huja maelewano ya mwelekeo. Mashine ikiambiwa irudi nyumbani inapaswa kwenda kona ya nyuma kushoto na kusimama inapogusa swichi. Ikikimbilia upande wa pili, mota imepewa waya kinyume, na fundi huzima umeme, hugeuza plagi na kujaribu tena. Kuzima umeme si adabu tu: plagi ya mota ikichomolewa wakati umeme ungalipo, kipande kinachoiendesha mota hiyo huweza kuungua papo hapo.

Kazi hiyo ikimalizika, mashine imepata jambo ambalo haikuwa nalo. Bodi mpya huweza kuwasha na kuzima mwanga maelfu ya mara katika sekunde moja, na kwa kurefusha au kufupisha muda wa kuwaka, hupunguza au huongeza ukali kwa amri ya kompyuta. Kukata na kuchora hufanyika katika kazi moja bila mkono kugusa kitufe. Lakini thamani iliyo kubwa zaidi haimo kwenye bodi. Imo kichwani mwa aliyeibadilisha. Mtu huyo sasa anajua kila waya unakwenda wapi. Mashine ikikataa kesho, hatasema "imekufa". Atauliza: ni umeme, ni swichi, ni mkanda, au ni amri? Mwenye maswali hayo manne ndiye mwenye mashine.

PINGAMIZI TATU

Wako wasomaji ambao hawatakubali upesi, na hoja zao zinastahili heshima.

Wa kwanza watasema kwamba chombo hiki ni cha hatari, na afadhali kisifunguliwe na asiye mtaalamu. Hatari ipo, tena si ya kufanyiwa mzaha. Umeme unaolisha mrija unaweza kuua, na huweza kubaki umejificha ndani ya kifaa hata baada ya swichi kuzimwa. Mwanga wake hauonekani, lakini hupofusha. Mashine ikiachwa peke yake huweza kuwasha moto. Plastiki ya aina ya PVC ikikatwa hutoa hewa ya asidi inayochoma mapafu ya mtu na kula vyuma vya mashine. Lakini tujiulize: hatari hizo zinapungua kwa kutokujua? La hasha. Nyingi katika mashine hizi za bei nafuu zimekuwa zikiuzwa bila hata swichi ya kuzima mwanga mfuniko ukifunguliwa. Aliyeiogopa mashine yake akaiacha ilivyo, ameiacha na upungufu huo. Aliyeifungua kwa utaratibu, akaangalia waya wa ardhi kama umeshikamana sawasawa, akaongeza swichi ya mfuniko na nyingine inayozuia mwanga kuwaka maji yasipopita, ameifanya iwe salama kuliko ilivyotoka kiwandani. Kanuni iwe hivi: upande wa umeme mkubwa aguse aliyefundishwa, na upande wa bodi afundishwe kila mtu.

Wa pili watasema: kwa nini mtu anunue mashine hafifu kisha aanze kuitengeneza? Anunue nzuri tangu mwanzo. Hoja hii ina mvuto kwa mwenye fedha. Lakini mashine ghali nayo inaweza kufungwa, pengine kwa kufuli kali zaidi. Zipo ambazo haziwezi kufanya kazi bila kuwasiliana kwa intaneti na kompyuta za kampuni iliyozitengeneza. Siku kampuni hiyo ikifunga mlango, au mtandao ukikatika, mwenye mashine ghali hukaa sawa na mwenye mashine mbovu. Bei kubwa hununua uimara, hainunui uhuru. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wa tatu watatetea haki ya mtengenezaji: amebuni kitu chake, kwa nini kila mtu akichokonoe? Mtengenezaji ana haki ya kulipwa, na amelipwa siku aliyouza. Haki ya kulinda ubunifu wake dhidi ya mshindani ni jambo moja. Kumzuia mnunuzi asitengeneze kilicho chake ni jambo jingine kabisa. Tofauti hii hata nchi za viwanda zimeanza kuitambua katika sheria. Mwaka 2023 jimbo la Colorado nchini Marekani lilipitisha sheria inayowapa wakulima haki ya kupata programu, vipuri na maelekezo ya kutengeneza matrekta yao. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la haki ya kutengenezewa bidhaa kadhaa za nyumbani. Ikiwa mkulima wa Colorado, aliye jirani ya kiwanda na fundi wake, ameona haja ya ulinzi huo, sisi tulio ng'ambo ya bahari mbili tunasubiri nini?

LINALOTUHUSU

Nchi yetu ilianzisha SIDO mwaka 1973 kwa sababu iliamini kwamba kiwanda kidogo kilicho mikononi mwa watu wenyewe kina thamani yake. Katika miaka ya hivi karibuni Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Maana yake ni kwamba karakana zitahitaji mashine, na mashine nyingi za leo, iwe ya kukata, ya kushona au ya kuchapa, zina bodi ndani yake. Kwa hiyo swali la bodi litafika kwenye meza za wasomaji wa ukurasa huu, kama halijafika. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, waandikao zabuni wasiishie kwenye bei, rangi na dhamana ya mwaka mmoja. Waulize maswali ya wazi. Je, mchoro wa waya utatolewa pamoja na mashine? Je, mashine inaelewa lugha ya amri iliyo wazi? Je, itafanya kazi bila ufunguo wa plastiki na bila intaneti? Je, bodi ikiungua, nyingine itapatikana kwa nani zaidi ya muuzaji huyu mmoja? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo amejibu tayari. Fedha ya umma isinunue kufuli.

Pili, kila mashine iwe na daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo inaihusu mashine ya bodi kuliko ng'ombe. Katika daftari hilo zibandikwe picha za waya zilivyo, ziandikwe tarakimu za mipangilio, na siku ya kila matengenezo pamoja na sababu yake. Mwalimu mmoja anapohamishwa, asiondoke na mashine kichwani mwake. Mara ngapi tumeona chombo kizima kimefunikwa shuka kwenye kona ya karakana, si kwa kuwa kimeharibika, bali kwa kuwa aliyekijua amehamia wilaya nyingine?

Tatu, kufungua kuwe sehemu ya somo. Mwanafunzi anayefundishwa kubonyeza kitufe amefundishwa kumtumikia mwenye kitufe. Mwanafunzi aliyepima milimita 100, akakuta 98, akatafuta mbili zilikokwenda, huyo amefundishwa kufikiri. Shule isiyo na mashine ya leza inaweza kuanza na mashine ya kuchapa iliyotupwa. Mota ni zile zile kwa tabia, mikanda ni ile ile, na somo ni lile lile.

Nne, yaandikwe kwa Kiswahili. Mafundi walioachia maarifa yao wazi waliyaandika kwa lugha zao, hasa Kiingereza, na kijana wetu mwenye mikono hodari hukwama mlangoni kwa sababu ya lugha, sawasawa na yule mwenye mashine aliyekwama kwa sababu ya lugha ya bodi. Kufuli hili la pili hatukufungiwa na kiwanda chochote cha ng'ambo. Ufunguo wake tunao wenyewe. Mwalimu atakayeandika kurasa kumi za maelekezo sahihi, yenye majina ya vipande ambayo fundi wa mtaani anayatumia kweli, atakuwa amefungua karakana nyingi kuliko anayeleta mashine kumi.

Sisemi kwamba kila mtu aende kung'oa bodi ya mashine yake kesho asubuhi. Chombo kinachofanya kazi vizuri kiachwe kifanye kazi. Ninalosema ni kwamba uwezo wa kuing'oa, na kujua kitakachofuata, ndio mpaka kati ya mwenye mali na mpangaji. Mpangaji hulala ndani ya nyumba, huifagia na kuilipia, lakini siku ya kubomoa ukuta humwita mwenye nyumba. Tumekuwa wapangaji wa mashine kwa muda mrefu mno, na kodi yake tumeilipa kwa fedha za kigeni, kwa siku za kusubiri fundi kutoka mbali, na kwa vyombo vizima vilivyofunikwa shuka.

Basi mtumishi wa umma aliye na fomu ya ununuzi mezani pake wiki hii na aongeze mstari mmoja: mchoro wa waya utolewe. Na mwalimu aliye na mashine isiyofanya kazi katika karakana yake na achukue bisibisi, azime umeme, awaite wanafunzi wake, na kabla ya kugusa skrubu ya kwanza, wafungue daftari na kuandika wanachokiona.